Simu Iliyomwonyesha Baba Uso Wake

Baba yangu alikuwa hasikii. Nalisema hili mapema kwa sababu kila nikisimulia habari hii lazima atokee mmoja wa kuniuliza, "Kwani hamngempigia tu?" Hapo hasira hunipanda mpaka kooni. Tungempigia asikie nini, na masikio aliyaacha Mau Narok kwenye mashamba ya ngano, miaka yote aliyokuwa akiendesha trekta za watu? Trekta zilimmaliza masikio, halafu zikamwachia mikono ya kutetemeka. Kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili na bado chai ilimwagika.

Nyumbani kwetu, juu huko upande wa Keringet, hakuna aliyemwita baba kwa sauti. Ukimtaka unaenda mbele yake akuone. Akiwa mbali shambani, mama anatoka uani na gunia jeupe la unga, anapunga mpaka baba ageuke. Sisi watoto tulijua kupunga gunia kabla hatujajua kufunga viatu. Na baba naye, kwa vile alijijua, alikuwa na mazoea ya kugeuza kichwa kila mara, kushoto, kulia, nyuma. Macho ndiyo yalimfanyia kazi ya masikio. Majirani walimtania ati mzee anatafuta ndoa ya pili, na yeye, aliposomewa mzaha huo kwa ishara, alicheka mpaka akakohoa.

Simu za meseji zilipofika ndipo tulipompata baba tena. Haki ya Mungu, mambo ambayo hatukuwahi kuongea naye kwa miaka tuliyaongea kwa meseji. Mimi nilikuwa Nakuru mjini, nauza misumari na mabati kwenye duka la Mhindi mmoja mwenye kilemba, mzee mpole ambaye hakuwahi kuniinulia sauti. Baba alikuwa shambani. Tatizo lilikuwa ile simu yake ya kwanza. Kioo chake kilitaka kitazamwe wima, usoni kabisa. Ukiinamisha kidogo tu herufi zinafifia, ukiinamisha zaidi zinapotea. Sasa mtu mwenye mkono usiotulia atasoma vipi? Aliiweka mezani, akaishikilia chini kwa kidole, akainama juu yake na shingo ikimuuma. Meseji moja ilimchukua muda wa mtu kukamua ng'ombe.

Mdogo wangu anayenifuata alikuwa fundi wa simu hapo hapo Nakuru. Kibanda chake kilikuwa kwenye korido ya jengo la zamani, nyuma ya duka la vitambaa, mahali ambapo jua halijawahi kukanyaga. Balbu iliwaka asubuhi mpaka jioni. Alijifundisha mwenyewe kwa kuvunja na kuunga, na mikono yake ilikuwa myepesi, hilo siwezi kumnyima. Mwisho wa mwaka 2007, mama mwenye duka la vitambaa alimpa simu ya kukunja ambayo mwanawe alitoka nayo Dubai, akachoka nayo. Kioo kilikuwa kimekwaruzwa vibaya. Alimwambia achukue tu, kama itamfaa.

Jioni moja akaniita pale koridoni.

"Siste, kaa hapo."

"Nikae nifanye nini? Nimetoka kazi, miguu inaniuma."

"Kaa pembeni, usije mbele. Soma hii."

Nikasoma. Alikuwa ameandika jina la utani la baba. Nilikuwa nimekaa kando kabisa, karibu na mlango, na bado kila herufi niliiona waziwazi, nyeupe, kali. Akaigeuza, akailaza, akaitingisha kwa makusudi kama mkono wa baba. Herufi zilikaa pale pale.

"Hii ni kioo mpya," akasema. "Haina taa nyuma kama zile zetu. Kila kidoti kinajiwakia chenyewe. Ilikuwa na karatasi fulani juu, imekwaruzwa yote, nikaibandua na wembe. Sasa ona vile inawaka! Imeongeza mwanga mara mbili, siste. Mzee atasoma hata akiwa juu ya farasi."

Mimi nililia. Sioni aibu kusema. Nilimwona baba amekaa kwenye kigoda chake, amenyoosha mgongo, anasoma meseji yangu kama mtu mwingine yeyote. Nikamwambia mdogo wangu kwamba tangu azaliwe hajawahi kufanya jambo la maana kuliko hilo, naye akanijibu ati nimechelewa sana kugundua, tukacheka.

Tulimpelekea Krismasi. Tulifika jioni, ukungu wa mlima umeshashuka, na mama alikuwa amewasha taa ya mafuta sebuleni. Baba aliifungua ile simu, herufi zikammulika kidevu. Akaisogeza kushoto, akaisogeza kulia. Mama alikuwa amekaa ubavuni mwake, naye akasoma kwa sauti yale yaliyoandikwa, na baba alipomwona midomo yake inasoma yale yale anayoyaona yeye, akapiga goti kwa kiganja. "Sasa sina siri ndani ya nyumba hii!" akasema kwa ile sauti yake kubwa ya mtu asiyejisikia. Alimshika mwanawe kichwani kwa mikono yote miwili, ikitetemeka hivyo hivyo, asimwachie kwa muda mrefu. Mdogo wangu aliangalia chini kwa haya.

Tuliondoka alfajiri ya siku ya pili, ukungu ukiwa bado uko chini, kwa sababu kila mtu alitaka kuwahi kurudi mjini kupiga kura. Hiyo simu hatukuwahi kuiona mchana. Hata mmoja wetu.

Lazima nieleze kuhusu kilima. Kwetu netiwaki ilipatikana mahali pamoja tu, juu ya kilima chenye josho la ng'ombe. Hakukuwa na mti hata mmoja. Ng'ombe wa kijiji kizima walikuwa wamepakanyaga pakawa peupe kama uwanja. Na stima hatukuwa nayo, betri ilichajiwa sokoni kwa siku za soko, kwa hivyo watu waliwasha simu mara moja tu kwa siku. Ilikuwa ndiyo desturi ya pale: saa sita mchana, wazee kwa vijana, kila mmoja amesimama kilimani na simu yake, wanasoma, wanajibu, wanapiga, wanazima, wanarudi makwao. Saa sita, jua la Januari, peupe. Mtu yeyote mwenye akili angefikiria hapo. Sisi hatukufikiria.

Kura zikapigwa, matokeo yakatangazwa, nchi ikawaka. Sitaeleza nani alimfanyia nani nini. Wanaojua wanajua, na mimi sina nguvu ya kugombana tena. Nakuru maduka yalifungwa, moshi ukaonekana upande huu na upande ule, uwanja wa maonyesho ukajaa watu waliokuja na godoro na sufuria. Mimi kila siku saa sita nilikuwa na simu mkononi.

"Baba tokeni huko."

"Ng'ombe nitamwachia nani. Hapa kumetulia. Simu ni nzuri sana, mwambie kijana asante."

Kila meseji iliisha hivyo. Kumechomwa nyumba ng'ambo ya mto, simu ni nzuri sana. Mama yako hali vizuri, simu ni nzuri sana, mwambie kijana. Nilikuwa namsomea mdogo wangu, na katika siku zile chungu hicho ndicho kitu pekee kilichomfanya anyooshe mabega. Kisha siku moja ikaja meseji fupi, bila sifa za simu wala salamu: "Wamechoma kwa jirani. Tafuta gari."

Gari litoke wapi? Barabara zilikuwa zimefungwa kwa mawe na magogo. Nikamwendea tajiri wangu nyumbani kwake, nikapiga lango mpaka ngumi zikaniuma. Mzee akatoka, kilemba hakijafungwa vizuri. Nikamweleza. Akaniambia nduguye ana lori linalopanda Keringet kesho yake kuchukua waru, vile viazi vya huko, zinazooza kwenye magunia, na limepewa askari wa kulisindikiza. "Litapita njia panda ya sokoni," akasema. "Lakini dereva hawezi kungoja, binti. Wakiwa hapo atawachukua. Wasipokuwa hapo..."

Kesho yake, kabla ya saa sita, nikatuma: "Baba, lori la waru litapita njia panda saa saba. Pandeni wewe na mama. Msibebe kitu. Lori halitangoja. Jibu ukisoma."

Nilikaa kwenye ngazi ya plot yetu, zile nyumba za kupanga, na ile simu mapajani. Watu walinisalimia, sikuitika. Jirani yangu aliniletea chai, ikapoa, ikaingia inzi. Saa sita ikafika. Ikapita. Nikaanza kumsema baba kwa sauti, peke yangu, nikimwita kichwa ngumu, nikimuuliza kama ng'ombe ndio waliomzaa. Kisha simu ikatetemeka.

"Nimesoma mama. Tunashuka sasa."

Aki nilipiga kelele mpaka watoto wa plot wakaja mbio. Mama ndivyo alivyoniita siku zote, kwa vile nilipewa jina la mama yake. Nikamwita mdogo wangu, akaja amebeba godoro lake kichwani, hata sijamwambia. Tukasukuma kitanda ukutani. Nikaweka maharagwe jikoni, nikachemsha maji ya baba ya kuoga. Mdogo wangu alizunguka chumba akisema, "Si nilikuambia mzee atasoma? Si nilikuambia?" Nikamwambia ndiyo, uliniambia, wacha kiburi, leta makaa.

Lori lilifika jua likiwa linaelekea kuzama. Lilisimama mbali kidogo kwa sababu ya watu barabarani. Askari walishuka, kisha dereva akamshika mama mkono, akamteremsha. Alikuwa na kandambili mguu mmoja. Mkononi alikuwa na gunia jeupe la unga, amelikunja dogo. Nilitazama nyuma yake, juu ya magunia ya waru. Dereva akatikisa kichwa, akasema, "Pole sana, mathe wenu hajaongea tangu huko," akapanda lori lake.

Mama alikaa kwenye kile kitanda tulichokisukuma. Hakulia. Alikula maharagwe kijiko kimoja, akarudisha sahani, halafu akaongea kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesimulia habari za soko.

Alisema walipanda wote mpaka nusu ya kilima, baba akaenda juu, yeye akabaki chini kwenye ua wa jirani aliyechomewa. Kilimani hakukuwa na mtu mwingine. Desturi ilikuwa imekufa, kila mtu ameogopa au amekimbia. Baba akawasha simu, akaona imetetemeka, akajua meseji imeingia.

"Sasa ile simu," mama akasema, "ni nzuri, lakini juani haikumwonyesha kitu. Ilimwonyesha uso wake tu. Kama kioo cha kunyolea. Ndani ya nyumba inawaka, nje inakuwa kioo. Aliniambia nisiwaambie, ati kijana atavunjika moyo. Kwa hivyo alikuwa akivua koti, anajifunika kichwa nalo, anachuchumaa, anasoma huko ndani kwenye giza. Kila siku alifanya hivyo. Na siku hii akafanya hivyo."

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji. Hakuliweka chini.

"Nikawaona wale wachomaji wanatoka nyuma ya josho," mama akasema. "Nikapunga. Nikapunga gunia, nikapunga, nikapiga kelele pia, kana kwamba mimi ni mgeni nisiyejua kwamba hasikii. Kama angekuwa ameinua kichwa angeniona. Baba yenu hajawahi kukosa kuniona. Lakini alikuwa ndani ya koti, anaandika, na mnajua mikono yake, anavyochelewa kuandika. Wakamfikia bado amejifunika."

Alisema wale watu walimwona na yeye pia, na ndipo lori likapiga honi huko chini njia panda, wakasita, naye akakimbilia huko. Alisema dereva alimvuta kwa nguvu na yeye alikuwa bado anapunga. Kisha akamtazama mwanawe pale mlangoni, akamwita kwa upole, "Kuja hapa, baba. Usilie. Bila ile simu yako hata mimi singekuwa hapa. Mungu akubariki kwa ile simu."

Mdogo wangu akaliweka beseni chini, akatoka nje.

Mwili uliletwa na askari barabara zilipofunguliwa kidogo. Tulimzika katika makaburi ya mjini, katikati ya watu asiowajua, mbali na shamba na mbali na ng'ombe, ambao hata sijui waliishia wapi. Askari mmoja alitupa koti na simu ndani ya mfuko wa karatasi. Koti mama alilichukua. Simu mdogo wangu aliitia mfukoni, na hakuna aliyemuuliza.

Miezi ilipita sikumsemesha. Nitasema ukweli wa moyo wangu: nilimchukia. Nilimwona mezani kwetu Jumapili, mama akimwekea nyama iliyonona na kumbariki kwa ile simu mbele ya wageni, na yeye anatafuna hawezi kumeza, nikafurahi kwamba hawezi kumeza. Mama hajui habari ya ile karatasi mpaka leo. Anadhani ndivyo simu za aina ile zilivyo.

Siku moja nikamwendea koridoni nimwambie yote. Nilimkuta balbu inawaka, meza imejaa vioo vya simu mbovu, na karatasi nyembamba za kijivu amezipanga juu ya kitambaa. Kabla sijafungua mdomo akaanza kuongea, bila kuinua macho.

"Kwa simu za zamani, ukiibandua hii, maandishi yanapotea yote, unajua mara moja umeharibu. Hii ya mzee nilipoibandua, mwanga ukazidi. Nikadhani nimeitengeneza." Akainua karatasi moja kwenye balbu. "Nyuma ya kioo chake kuna madini yanayong'aa. Jua likiingia linagonga pale, linarudi. Hii karatasi inaruhusu jua liingie, halafu inalizuia kutoka. Inakula nusu ya mwanga wa simu, ndiyo, lakini inameza jua. Hiyo ndiyo kazi yake, siste. Haikuwa uchafu. Ilikuwa kivuli."

"Wewe ni fundi wa nini?" nikamwambia. "Ulishindwa kutoka nje hatua kumi ujaribu juani? Wewe ni fundi wa nini?"

"Sijui," akasema.

Nilimsukuma kifuani. Hakunizuia. Nilimsukuma tena, vioo vikaanguka, kisha nikakaa kwenye kile kiti cha pembeni nilichokalia siku ile ya kwanza. Yeye akaendelea kukaa vilevile. Alikuwa amekonda, na sikuwa nimeona.

Kisha akatoa ile simu ya kukunja mfukoni. Alikuwa ametafuta nyingine ya aina yake mpaka akaipata, mbovu, akaichuna karatasi yake bila kuikwaruza, akaibandika juu ya hii ya baba. Betri alikuwa ameichaji. "Twende nje," akasema. Sikutaka kwenda. Nilimfuata.

Ilikuwa mchana, jua limesimama katikati ya barabara, na mji ulikuwa umerudia kelele zake. Akanifungulia simu, akanipa, akarudi nyuma. Kioo kilikuwa cheusi, kimetulia, uso wangu haumo. Meseji yangu ilikuwa pale. Lori la waru. Njia panda. Msibebe kitu. Niliisoma yote mpaka jibu ukisoma, nimesimama wima juani, kichwa wazi, na kila mtu aliyekuwa akinijia nilimwona.